Maboksi Ambayo Hatukuyafungua

Barua ilinikuta mezani nikijumlisha takwimu za dagaa za mwezi. Mhudumu wa masijala aliiweka juu ya daftari langu, akanipa kitabu cha kupokelea, nikasaini, akaenda zake. Ndipo nikaifungua.

"Yah: Uteuzi wa kuwa msimamizi wa mkataba." Chini yake aya tatu. Mkataba ni wa ujenzi wa mwalo wetu: jengo la kupokelea samaki, jukwaa la kuanikia dagaa, vyoo, uzio, na njia ya zege inayoshuka mpaka majini. Mkandarasi ameshapatikana kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, mkataba umesainiwa, saiti inasubiri kukabidhiwa. Mhandisi wa halmashauri ataangalia ufundi. Mimi, afisa uvuvi, kwa kuwa idara yangu ndiyo itakayoutumia mwalo, nitausimamia mkataba.

Nilipomaliza kusoma, kuna kitu kilinikosesha raha kuliko barua yenyewe.

Nilikuwa nimesaini kuipokea kabla ya kujua imeandikwa nini.

## Wiki tatu kwenye droo

Niliitia kwenye droo ya chini, pamoja na vitabu vya leseni vilivyokwisha, na kwa wiki tatu sikuijibu. Wenzangu walishajua. Mmoja alinipongeza, akasema sasa nitaonekana. Mwingine alinivuta mpaka nyuma ya tangi la maji akaniambia nitafute ugonjwa. Wa tatu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alisema: "Mwanangu, mkandarasi ataondoka, mkurugenzi atahamishwa, mhandisi atahamishwa. Faili litabaki, na jina lako ndani."

Anajua anachosema. Kila mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anamkabidhi Rais ripoti zake, Aprili zinaingia bungeni, na kuanzia hapo halmashauri nzima inaishi kwa neno moja: hoja. Nani alisaini, kwa nini alisaini, kiambatisho kiko wapi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa ikiita, watu wanabeba mafaili kwa mabegi. Nimewahi kumwona mtu mwenye shahada mbili mikono ikimtetemeka akitafuta ukurasa.

Habari ya posho sitaieleza sana, mnaijua. Kazi ya kawaida inabaki palepale, leseni, doria, takwimu, vikao vya BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni), na hii inapandishwa juu yake kama ndoo ya pili kichwani.

Lakini hayo yote nilikuwa nimeyazoea kuyasikia, wala hayakuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni majaketi.

## Ijumaa ya mwisho ya Juni

Kabla ya barua hii niliwahi kuwekwa kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi. Tulikuwa watatu. Halmashauri ilikuwa imenunua majaketi okozi 120 kwa ajili ya vikundi vya wavuvi na kina mama wanaovuka kwenda visiwani. Wenyewe huyaita maboya tu. Mzigo ulifika Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa kumi na nusu jioni, na mtumishi yeyote wa umma anayesoma hapa anajua uzito wa saa kumi na nusu ya Ijumaa hiyo. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa. Hela isiyolipwa inarudi Hazina. Mhasibu amekaa mbele ya kompyuta, vocha iko tayari, inasubiri kitu kimoja: taarifa ya kamati yetu.

Yalikuwa maboksi sita, majaketi ishirini kila boksi. Tulifungua moja. Tukatoa jaketi la juu, tukavuta mikanda, tukapiga picha. Rangi ya chungwa, mistari inayong'aa, filimbi imefungwa kwa kamba begani. Zuri kabisa. Mwenyekiti wetu akauliza, "Tufungue na mengine?" Alitutazama mmoja mmoja.

Mimi nilitazama saa.

Tukaandika kwamba mzigo umekaguliwa na kukutwa sahihi kwa idadi na ubora. Saini yangu ni ya pili kutoka juu.

Novemba nilikuwa kwenye kisiwa kimoja nikikagua mitumbwi, kijana mmoja akaniletea jaketi lake. "Afisa, hili linakunywa maji." Sikumwelewa. Akalizamisha ziwani kando ya mtumbwi, akalikanyaga kwa mguu, akahesabu mpaka thelathini, akalitoa. Lilikuwa zito. Akalikamua kwa mikono miwili kama mtu anavyokamua tambara la kudekia, maji yakanimwagikia miguuni. Nikaomba kisu cha kupasulia samaki, nikafumua mshono wa ubavuni. Humo ndani palitakiwa kuwe na povu gumu lisilopitisha maji. Palikuwa na sponji ya godoro, ya njano, imekatwa vibaya kwa mkasi.

Hakufa mtu. Nashukuru kwa hilo kila usiku, na sisemi kama maneno ya kujazia. Niliandika taarifa siku ileile, tukayakusanya yote, tukayatumbukiza moja moja kwenye pipa la maji nyuma ya ofisi. Maboksi mawili kati ya sita yalikuwa ya sponji. Majaketi 40. Msambazaji akayabadilisha kimya kimya, mambo yakaisha. Hakuna aliyeniuliza neno. Hakuna hoja iliyoandikwa.

Mimi nimezaliwa na kukulia kando ya ziwa hili. Nilikuwa na miaka mitano MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, na nimekua nikipita kwenye makaburi ya Igoma walikolazwa wengi wa waliokufa siku ile. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Nchi kavu ilikuwa inaonekana. Walioko ufukweni walikuwa wanawatambua ndugu zao kwa sura.

Saini yangu iliwaambia watu 40 kwamba wamevaa boya, na walikuwa wamevaa sponji.

Ndiyo maana barua ilikaa kwenye droo. Wenzangu walifikiri naogopa wezi, naogopa wakubwa, naogopa kupigiwa simu usiku. Ijumaa ile hakuna aliyenipa hata senti tano. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimechoka, mtoto alikuwa anasubiri kuchukuliwa shuleni, na kila mtu chumbani alikuwa mwema. Kama niliweza kufanya vile bila kusukumwa, nitafanya nini siku nitakayosukumwa?

## Kaunta buku ya Makoroboi

Kuna dada mmoja niliyefanya naye kazi zamani. Alihamia halmashauri nyingine, akapewa usimamizi wa mkataba wa ujenzi, baadaye akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Miezi 11. Akarudishwa bila kosa lolote, akafanya kazi miezi michache, kisha akaacha mwenyewe. Siku hizi anauza vitenge Makoroboi, mjini Mwanza. Nilimwendea Jumamosi, nikamkuta anafunga mzigo wa mteja wa Geita.

Nilikwenda nikitegemea aniambie nikatae. Nadhani nilikwenda kwa sababu hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akainama, akavuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na kaunta buku mbili za kwaya tatu, majalada yamejikunja, kurasa zimevimba kwa kulowa na kukauka. Alifungua moja bila kutafuta sana, akanigeuzia. Niliunakili ukurasa ule kwenye simu, ninao mpaka leo:

"14/3. Saa 2:40 asubuhi. Mvua. Mafundi 6. Msimamizi wa mkandarasi hayupo. Saruji stoo mifuko 38, jana ilikuwa 61. Jana zege halikumwagwa. Nimeuliza mifuko 23 iko wapi. Jibu: imeazimwa."

Na chini, kwa kalamu ya rangi nyingine: "Nimeandika barua."

"Hii ndiyo iliyonirudisha kazini," akasema. "Taarifa za mwezi zote zilisema mradi unaendelea vizuri. Wachunguzi walipokuja kuuliza mimi nilikuwa wapi, nikawapa hizi."

Kisha akanifundisha, katikati ya wateja, kitenge mkononi. Mambo ambayo hakuna semina iliyowahi kuniambia kwa lugha inayoeleweka.

"Mdogo wangu, usianze kutazama ukuta. Tazama tarehe." Dhamana ya utekelezaji, ile karatasi ya benki inayosema mkandarasi akishindwa benki italipa asilimia 10 ya mkataba, ina siku yake ya kufa. Kazi ikichelewa, mkandarasi akaongezewa miezi mitatu, na hakuna aliyekumbuka kudai dhamana nayo iongezewe, basi siku akifunga virago mnabaki na karatasi. Ombi la kuongeza muda nalo lazima lije mkataba ukiwa hai. Mkataba ukishakufa hakuna wa kuuongeza, mtakuwa mnajenga nje ya sheria na kila shilingi mtakayolipa ni hoja. Na fundi akikwambia "tuongeze nguzo mbili hapa, tutaandikishana baadaye," hapo usimame kwanza. Mabadiliko yanaidhinishwa kabla ya kufanyika. Yakitangulia idhini, aliyesema "endelea" kwa mdomo ndiye atakayeyatafutia maelezo.

Nilikuwa naandika haraka. Halafu akasema kitu kilichonifanya niweke kalamu chini.

"Ile mifuko 23 aliiuza."

"Mkandarasi?"

"Aliiuza awalipe mafundi. Alikuwa na sati ya pili, hati yake ya kudai malipo, imekaa kwetu miezi minne. Mkataba unasema siku 28. Mafundi wake walikuwa wanalala na uji. Alikuja kuniambia mwenyewe, mtu mzima, analia. Na mimi nilikuwa nimeandika barua ya kumlaumu kwa saruji, sikuwahi kuandika hata moja ya kuilaumu ofisi yangu kwa malipo."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko yote aliyoniambia. Sisi tukisema "kusimamia mkandarasi" tunafikiria kumchunga, kumvizia, kuhesabu mifuko yake. Mkataba lakini una pande mbili, na upande mmoja ni sisi. Anayemcheleweshea mkandarasi hela miezi minne naye anaiba saruji, ila yeye anaiibia ofisini akiwa amevaa tai. Msimamizi wa mkataba asiyeweza kwenda kugonga mlango wa mhasibu na kuuliza sati imekwama wapi, amesimamia nusu ya kazi.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza: ukirudishwa nyuma, ungeipokea barua ile? Alimalizana kwanza na mteja, akahesabu chenji mara mbili.

"Ningeipokea," akasema. "Ila ningeomba gari kwa maandishi."

## Mtoto wa mama mkubwa

Kesho yake, Jumapili mchana, alikuja nyumbani kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alikuja na mkungu wa ndizi na kilo tatu za sukari. Ana fuso la kubebea mchanga na kokoto, na ndilo linalolisha nyumba mbili. Tulipomaliza kula hakuzunguka mbuyu.

"Dada, nasikia mwalo umepewa wewe. Jamaa watahitaji mchanga, siyo chini ya tripu thelathini. Sikuombi kitu. Mwambie tu kwamba unanifahamu."

Huyu ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha sita baba alipougua. Si mtu wa njama. Angeleta mchanga mzuri, kwa bei ya kila mtu. Na ningesema sentensi moja tu, ya kweli kabisa: namfahamu.

Lakini siku mhandisi akiukataa mchanga wake kwa kuwa una udongo, mkandarasi ataniangalia mimi. Na mimi nitaangalia saa.

Nilimwambia, "Nitaangalia." Neno lile. Alipoondoka niliosha vyombo taratibu nikijua nimefanya tena kilekile cha Juni: nimeacha boksi bila kulifungua ili jioni ipite salama.

## Darajani

Wiki iliyofuata nilitumwa Sengerema. Tangu tarehe 19 Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la Magufuli, kilomita tatu kutoka Kigongo mpaka Busisi, na bado kila nikipita najikuta natafuta kwa macho foleni ya kivuko ya zamani. Wenyeji tuna kumbukumbu zetu za foleni ile, za wagonjwa walioangalia ng'ambo kwa mbali huku wakisubiri zamu. Sasa ni dakika chache tu, dereva hata redio hapunguzi.

Mama mmoja mbele yangu alikuwa amelala, mtoto mgongoni, kichwa kimeegemea dirisha. Nikawa nafikiria nguzo zilizo chini yetu, na zege lililoko chini ya maji na chini ya tope, ambalo hakuna abiria atakayeliona maisha yake yote. Mhandisi wetu aliwahi kunionyesha vipande vya majaribio: zege linapomwagwa wanajaza visanduku vya milimita 150 kila upande, wanaviloweka, wanavivunja kwa mashine baada ya siku 7, vingine baada ya siku 28. Ndipo wanajua. Zege halikubali kuambiwa kwamba leo ni Ijumaa. Ukilihitaji tarehe 30 Juni, ungelimwaga mwanzoni mwa mwezi, basi.

Yule mama alilala daraja zima. Mahali fulani, miaka kadhaa nyuma, saa kumi na nusu jioni, kuna mtu alisema tufungue na mengine, na mwenzake akakubali.

## Alama kwenye jiwe

Bado sikuwa nimeamua. Naliandika hili kwa sababu ingekuwa rahisi kusema daraja liliniamulia.

Aliyeniamulia ni mama mdogo.

Anaanika dagaa kwenye mwalo uleule, miaka zaidi ya ishirini. Nilimkuta saa tatu asubuhi. Kilikuwa kipindi cha giza la mwezi, wavuvi wanapovua dagaa kwa taa, kwa hiyo usiku taa zilikuwa nyingi ziwani na ufuko wote ulikuwa umetandazwa fedha. Alikuwa anapindua dagaa juu ya nyavu chakavu zilizolazwa mchangani, amejifunga khanga ya pili kiunoni. Dagaa wa mchangani wananunuliwa kwa bei ya huruma, hasa kwa chakula cha kuku, kwa sababu mlaji akitafuna anasikia mchanga. Wa kwenye kichanja wanauzwa dukani. Hilo ndilo jukwaa litakalombadilishia: zege safi, vichanja juu yake, mvua ikija unafunika.

Nilikuwa na nakala ya mchoro. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hilo jukwaa letu litakaa wapi?" Nikaupindua mchoro juu ya karai lililofunikwa, nikahesabu kutoka kwenye mwembe, tukatembea hatua kwa hatua mpaka kwenye kona yake ya chini, ile inayoelekea majini. Nikachora mstari mchangani kwa kisigino.

Mama mdogo aliutazama mstari ule, akanitazama mimi. Akanishika mkono kama nilivyokuwa mtoto, akanipeleka mpaka kwenye jiwe kubwa lililo pembeni, moja ya haya mawe yetu ya Mwanza ambayo kila mtu ana jiwe lake. Kwenye jiwe, usawa wa kiuno chake, kulikuwa na mstari mweupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria.

"Mei ile ya mwaka 2024 maji yalikuwa hapa. Vichanja vyangu vinne vilielea, nilivifuata mpaka kule kwa mafundi mitumbwi. Na mwaka wa korona yalifika karibu hapahapa."

Ziwa lilipanda mwaka 2020, likapanda tena 2024. Sisi wote wa ufukweni tunakumbuka, tulihamisha watu, tulihamisha hata ofisi za BMU. Lakini waliopima saiti walikuja Septemba, ziwa limerudi nyuma, mchanga mkavu na mpana. Mhandisi wetu amehamia kutoka mkoa usio na ziwa. Mkandarasi anatoka mbali zaidi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka majini kwa shughuli za kudumu, na mwalo kwa asili yake hauwezi kukimbia maji, kwa hiyo kila mtu alijadili mita za kwenda mbele na nyuma. Sijui kama kuna aliyejadili za kwenda juu.

Nikasimama pale jua likiniunguza shingo, nikaelewa. Jukwaa lile lingeweza kujengwa na watu waaminifu tupu. Saruji yote ingetumika. Vipande vingevunjwa siku ya 7 na siku ya 28, vikafaulu. Vipimo vingelingana na mchanganuo wa gharama, malipo yangelipwa, mkaguzi angepita na kuridhika. Sahihi kwa idadi na ubora. Na masika ya kwanza ziwa likipanda, mama mdogo angesimama kwenye jiwe hili akiangalia sato wakiogelea juu ya jukwaa lake.

Hakukuwa na jina lingine kwenye faili lile la mtu ambaye angeshikwa mkono na kupelekwa kwenye jiwe.

## Nilichokijibu

Niliandika usiku ule, ukurasa mmoja na nusu. Nilikubali uteuzi. Niliomba nitolewe kwenye kamati ya mapokezi, kwa kuwa anayesimamia kazi asiwe yeye tena wa kuipokea. Niliomba nakala yangu ya mkataba, michoro na mchanganuo wa gharama, siyo ya kuazima. Niliomba usafiri Jumanne na Ijumaa. Nikaandika kwamba ndugu yangu anauza mchanga na kokoto, nikataja jina lake na uhusiano wetu, na kwamba hatauza chochote saiti kwa muda wote wa mkataba. Mwisho nikaandika kuwa sitasaini kazi ambayo sijaiona kwa macho, hata tarehe iwe ipi. Nikaeleza habari ya majaketi, kwa mara ya kwanza kwa maandishi, na saini yangu ikiwa ya pili kutoka juu.

Asubuhi nikampigia kaka kabla sijapeleka barua. Nilitaka alisikie kwangu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia injini ya fuso nyuma yake.

"Kwa hiyo udugu wetu umeuandika kwenye faili la serikali," akasema.

"Ndiyo, kaka."

Mpaka leo hapokei simu yangu. Mama mkubwa amenitumia ujumbe mara mbili akiuliza nimemfanya nini mwanae. Nitakwenda Magu mwisho wa mwezi, nitakaa chini kwenye mkeka, nitaeleza. Sijui kama itaeleweka.

Mkurugenzi aliniita siku ya tatu. Alikuwa ameisoma, mistari mingine ameipigia kalamu. "Afisa, ile ilikuwa barua ya uteuzi. Wewe umenirudishia masharti." Nikamwambia nimeomba vifaa vya kazi. Hakukasirika. Alikubali la kamati, akakubali la nakala, na kuhusu gari akafuta Jumanne na Ijumaa, akaandika juu yake "kulingana na upatikanaji wa mafuta". Alipofika kwenye majaketi alisoma tena, taratibu, akavua miwani.

"Hili sikulijua."

"Hakuna aliyeuliza, mheshimiwa."

Kwenye mstari wa mwisho, wa kutosaini nisichokiona, hakuandika kitu. Alisema tu, "Juni itakapofika tutakaa tena mimi na wewe." Sijui alimaanisha nini, na nimeamua kuingoja Juni nikiwa nimejiandaa.

Nikapita duka la vifaa vya shule pale Mabatini, nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu na futi kamba ya mita 30.

## Ukurasa wa kwanza

Saiti ilikabidhiwa Alhamisi iliyopita. Mhandisi alikuja na levo yake, mashine ya kupimia usawa, nikamwomba kabla ya mengine yote apime jiwe. Alisita kidogo, kisha akamwita mama mdogo aonyeshe mwenyewe. Alipima mara tatu. Mara ya tatu alitoka kwenye mashine, akatembea mpaka kwenye jiwe, akaupapasa ule mstari mweupe kwa kidole gumba, akakaa kimya.

Mkandarasi ni kijana, pengine mdogo kwangu. Alisikiliza, akauliza swali moja. Niliondoka pale saa nane mchana, nikakaa chini ya mwembe, nikafungua kaunta buku.

"Alhamisi. Saa 3:10 asubuhi. Jua kali, upepo wa ziwani. Wapo: mhandisi, mkandarasi na watu wake 4, mwenyekiti wa BMU, mama mdogo, mimi. Alama ya maji ya Mei 2024 imepakwa rangi nyekundu. Kona ya chini ya jukwaa kwa mchoro uliopo ni sm 62 chini ya alama. Mhandisi amekubali kwamba jukwaa lipande. Mkandarasi ameuliza nani atalipa kifusi na muda utakaoongezeka. Swali lake ni la haki. Sina jibu leo. Dokezo la kuomba mabadiliko limepelekwa saa 7:30. Hakuna zege litakalomwagwa kwenye jukwaa mpaka lirudi. Malipo ya awali ya mkandarasi: nimeuliza kwa mhasibu, yapo mezani siku ya 9. Nitauliza tena kesho."